Mguu wa Kushoto na Mguu wa Kulia: Somo la Kuendesha Gari la Dizeli Mlimani

Ajuaye kuendesha gari la petroli, akipewa gari la dizeli kwa mara ya kwanza, hudhani kwamba hana jambo jipya la kujifunza. Aona usukani ni ule ule, pedali ni tatu vile vile, ya klachi kwa mguu wa kushoto, na za breki na mafuta kwa mguu wa kulia. Na gia nazo zimepangwa kama alivyozoea. Basi huwasha injini, hukanyaga mafuta kama ajuavyo, huachia klachi kama ajuavyo, na gari ama laruka mbele kama mbuzi aliyekatwa kamba, ama lazimika kwa kishindo na abiria wagongana vichwa. Katika uwanja ulio tambarare jambo hilo ni kichekesho tu. Lakini katika njia ipandayo kutoka Himo kwenda Marangu si kichekesho hata kidogo, kwa maana nyuma ya gari kuna gari jingine, na kando ya njia kuna watoto watokao shule na akina mama wenye mikungu ya ndizi kichwani, na gari lililozimika mlimani hutaka kurudi lilikotoka.

Kwa hiyo yafaa tuieleze habari hii tangu mwanzo wake, sababu kwanza na desturi baadaye. Mtu aliyeambiwa "fanya hivi" pasipo kuelezwa kwa nini, huikumbuka desturi siku za salama na kuisahau siku ya hatari.

Katika injini ya petroli, hewa na mafuta huchanganyika, kisha plagi hutoa cheche na mchanganyiko huo huwaka. Dereva akanyagapo pedali ya mafuta, kwa kweli hafungui petroli, bali hufungua kilango cha hewa, nayo petroli hufuata kwa kipimo chake. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hewa huingia peke yake, hushindiliwa ndani ya silinda mpaka imekuwa sehemu moja ya 16, au hata ya 20 na zaidi katika injini nyingine za zamani, ambapo petroli hushindiliwa kama mara 8 hadi 12 tu. Kwa kushindiliwa huko hewa hupata moto kupita digrii 500 za sentigredi. Ndipo pampu hunyunyiza dizeli katika hewa hiyo, nayo huwaka yenyewe. Kila aliyepata kujaza upepo katika tairi la baiskeli alijua jambo hili kabla hajaelezwa, maana akigusa mwisho wa pampu huona una moto.

Aliyeivumbua ni Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, na mashini yake iliyofanya kazi vema ilijaribiwa katika mji wa Augsburg mwaka 1897. Zamani hizo ilikuwa mashini kubwa na nzito, ya viwanda na ya meli. Mercedes-Benz walipoanza kuuza motokaa ndogo ya dizeli, ile iitwayo 260 D, ulikuwa mwaka 1936, na mvumbuzi mwenyewe hakuiona, kwa kuwa alitoweka melini mwezi wa Septemba 1913 alipokuwa akivuka bahari kwenda Uingereza.

Sasa tazama matokeo yake kwa mguu wa dereva. Katika dizeli ya kawaida hakuna kilango cha hewa cha kufungua na kufunga. Pedali yaamuru kiasi cha mafuta yatakayonyunyizwa, basi. Tena dereva hayuko peke yake katika kuamuru. Ndani ya pampu mna chombo ambacho mafundi hukiita gavana, na kazi yake mojawapo ni kuilinda injini isizimike inapokuwa katika mngurumo wake wa chini. Injini ikilemewa kidogo, gavana huona mwendo unapungua na huongeza mafuta pasipo kuombwa. Katika gari za siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta ya injini, lakini maana yake ni ile ile. Kwa sababu hiyo gari la dizeli, mahali palipo sawa, huweza kuondoka kwa klachi peke yake, mguu wa kulia ukiwa umetulia chini. Magari mengi ya petroli, hasa ya zamani, hayapendi kufanyiwa hivyo.

Jambo la pili ni nguvu ya kuvuta. Injini ya petroli hupata nguvu yake ikizunguka kwa kasi, na dereva wake amezoea kuisikia ikilia ndipo aachie klachi. Dizeli huvuta sana katika mizunguko michache, tuseme kati ya 1,500 na 2,500 kwa dakika, na kupita 4,000 kwa kawaida hakuna faida yo yote ila makelele. Kwa hiyo anayeiliza dizeli kabla ya kuondoka anafanya makosa mawili kwa mara moja: anaongeza nguvu mahali palipokuwa na nguvu ya kutosha, na anaisagisha klachi bure.

Na klachi yenyewe ni nini? Ni sahani yenye ngozi ngumu pande mbili, iliyobanwa kwa springi kati ya gurudumu zito la injini, liitwalo flaiwili, na bamba lililo nyuma yake. Ukikanyaga pedali, springi hulegezwa na sahani hubaki huru, injini yaenda zake na magurudumu yapo mahali pake. Ukiachia pole pole, sahani huanza kugusa, huteleza kidogo, kisha hushika. Huko kuteleza ndiko kunakoliwezesha gari kuondoka bila kishindo, na ndiko pia kunakoila sahani, maana palipo na msuguano pana moto. Kuteleza kwa sekunde mbili hakudhuru. Kuteleza kwa sekunde ishirini, gari likiwa limejaa watu na kahawa katika mlima, hutoa harufu ile kali ambayo akiisha kuinusa mtu haisahau, na mwenye gari huifahamu kwa bei yake. Kubadilisha klachi ni kuishusha giaboksi nzima chini. Si kazi ya dakika tano.

Mwanafunzi basi aanze mahali palipo tambarare, uwanja mpana usio na watu, na azoeze mguu wa kushoto kwanza. Mguu wa kulia asiutumie kwa mafuta kabisa. Atie gia ya kwanza, aachie klachi pole pole kama mtu anayetua mtungi uliojaa maji, na asikilize. Kuna mahali ambapo mngurumo hushuka kidogo, na gari lote hutetemeka kama linalotaka kuinuka. Hapo ndipo klachi inaposhika. Ausimamishe mguu papo hapo, ahesabu moja, mbili, gari lianze kutembea, ndipo auachie mguu wote. Arudie mara kumi, arudie mara ishirini, mpaka mguu upajue mahali hapo pasipo kutazamwa. Kila gari lina mahali pake. Katika jingine ni karibu na sakafu, katika jingine ni juu sana, na ikiwa juu sana huenda sahani imekwisha kulika.

Dereva mmoja wa zamani wa njia ya Rombo ana desturi ya kuwafundisha vijana akiwa amewakataza kutazama mishale ya dashibodi. Mwanafunzi akiuliza, "Mzee, nitajuaje kama imeshika?" yeye humjibu, "Kijana wangu, wewe una masikio mawili na makalio. Hivyo vitakuambia." Neno lake si la adabu sana kuandikwa gazetini, lakini ni la kweli. Gari huzungumza kwa sauti na kwa mtetemeko kabla mshale haujasogea.

Mguu wa kushoto ukiisha kuzoea, mguu wa kulia uanze kusaidia. Na hapa yapasa kujua tabia nyingine ya dizeli, kwamba flaiwili yake huwa nzito na injini haiharakishi. Ukikanyaga mafuta haipandi papo hapo, na ukiachia haishuki papo hapo. Aliyezoea petroli huona kimya, hudhani amekanyaga haba, huongeza. Na mara injini huitikia yote mawili pamoja, gari likaruka. Ikiwa gari lina tabo, yaani feni ndogo izungushwayo na moshi utokao na isukumayo hewa ndani ya injini, jambo hili huzidi, kwa kuwa tabo huchelewa kuamka kisha huamka kwa nguvu. Dawa yake ni kukanyaga kidogo na kungoja. Vivyo hivyo katika kubadili gia: dereva akiisha kutoa gia asubiri kitambo injini ishuke, ndipo atie nyingine na kuachia klachi. Akiharakisha, gari hutikisika na meno ya gia hulalamika.

Twende sasa mlimani. Mwanafunzi amesimama katika mpando, pua ya gari yatazama juu, nyuma yake pana Noah iliyojaa abiria na dereva wake hana subira. Handibreki imevutwa. Akanyage klachi mpaka chini, atie gia ya kwanza, mguu wa kulia uhame kutoka breki kwenda mafuta na kuongeza kidogo tu, mpaka mngurumo uzidi ule wa kusimama kwa kiasi cha kusikika, kama mizunguko 1,200 au 1,500. Kisha aachie klachi hadi pale alipopazoea uwanjani. Mngurumo utashuka, pua itainuka kidogo, na gari litakaza kama ng'ombe aliyefungwa jembe. Gari likiisha kukaza, na si kabla, ashushe handibreki. Halitarudi. Aongeze mafuta kama unene wa soli ya kiatu, aachie klachi pole pole, na gari litapanda.

Madereva wetu huliita jambo hilo kubalansi, na wengi hujisifu nalo. Wataka waonekane wamelisimamisha gari mlimani kwa miguu miwili tu, bila handibreki, wakilichezesha mbele na nyuma huku wakingoja njia. Mwenye kuandika haya haoni sifa yo yote hapo. Kila dakika ya mchezo huo ni klachi inayoungua. Gari likisimama kwa zaidi ya kitambo kidogo, handibreki ivutwe, gia itolewe, na mguu wa kushoto upumzike. Tena usipumzike juu ya pedali, maana hata uzito wa kiatu hulegeza springi kidogo, sahani ikateleza pasipo dereva kujua, na beringi ya klachi ikachakaa kabla ya siku zake.

Je, gari likizimika katikati ya mpando? Hapa ndipo watu huumia. Katika gari la dizeli, nguvu inayousaidia mguu wa breki hutoka katika pampu izungushwayo na injini. Injini ikizimika, msaada huo hubaki kwa kukanyaga mara mbili au tatu tu, kisha pedali huwa ngumu kama jiwe. Usukani wa kusaidiwa nao huwa mzito. Mwanafunzi aliyeshtuka, ambaye hukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, aumaliza msaada wote kwa dakika ile ile anayouhitaji. Kwa hiyo akanyage breki mara moja, kwa nguvu, asiachie. Avute handibreki mpaka mwisho. Ndipo akanyage klachi na kuwasha tena. Asijaribu kuwasha huku gari linarudi. Imepata kutokea, katika injini za zamani zenye pampu isiyo na kompyuta, kwamba gari lililorudi nyuma likiwa katika gia ya mbele limeizungusha injini kinyume, nayo ikawaka kinyume hivyo hivyo, moshi ukatoka penye kichujio cha hewa. Injini ya namna hiyo hukosa oili, kwa kuwa pampu ya oili nayo yazunguka kinyume, na yapaswa kuzimwa upesi kabla haijajiua.

Kuna desturi ya utingo kuruka na kuweka jiwe nyuma ya tairi. Desturi ni njema, ila namna yake mara nyingi si njema. Tumewaona vijana wamesimama nyuma kabisa ya gari, mikono ikiwa kati ya tairi na jiwe, wakimtegemea dereva ambaye mguu wake watetemeka. Jiwe liwekwe na mtu aliye ubavuni, akilisukuma kwa mti au kwa mguu, na nyuma ya gari pasiwe na mtu ye yote. Wenye vijiji na walimu wa shule zilizo kando ya barabara wangefanya vema kuwakataza watoto kukimbilia nyuma ya magari yaliyokwama ili kuyasukuma. Gari lililojaa haliwezi kuzuiwa na watoto kumi.

Wakati wa masika, tangu Machi hadi Mei, njia za udongo zitokazo kwenye lami kuelekea vijijini huteleza sana, na wingi wa nguvu ya dizeli huwa adui. Gia ya kwanza hulizungusha tairi mahali pamoja mpaka limejichimbia shimo. Gari lisilo na mzigo mzito huondoka vizuri zaidi kwa gia ya pili, klachi ikiachiwa pole pole, na mafuta yakikanyagwa kidogo kabisa au yasikanyagwe. Tairi likianza kuteleza, mwanafunzi hutaka kuongeza mafuta, yapasa kupunguza.

Apandaye kutoka Moshi hadi lango la Marangu, kama yafanyavyo magari yachukuayo wageni wa Kilimanjaro, hutoka mahali penye mita 800 na zaidi juu ya bahari na kufika mahali penye mita 1,800 na zaidi. Huko juu hewa imepungua kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko ya pwani. Pampu ya zamani haijui habari hiyo. Hutoa mafuta yale yale kwa hewa iliyopungua, na yaliyokosa hewa ya kuungua hutoka kuwa moshi mweusi. Basi dereva wa gari lisilo na tabo, akiona moshi mweusi wamfuata na mwendo hauongezeki, ajue kwamba mafuta aliyoyazidisha hayamvuti, yanamwagwa tu. Ainue mguu kidogo, na ashuke gia moja. Wala asing'ang'anie gia ya juu mpaka injini inagonga na kutetemesha vioo. Watu husema dizeli huvuta hata ikienda taratibu, na ni kweli, lakini chini ya mizunguko 1,200 yenye mzigo haivuti, yateseka. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ikiwa kali, angojee taa ya hita plagi izimike ndipo awashe, na mwendo wa kwanza uwe wa upole mpaka injini imepata moto.

Kushuka kuna hatari kuliko kupanda, ingawa wanafunzi huogopa kupanda. Wako madereva watiao gia huru katika mteremko wa kwenda Himo wakisema wanabana mafuta. Hesabu yao si sahihi. Gari likishuka katika gia, mguu ukiwa nje ya pedali ya mafuta, magurudumu ndiyo yaizungushayo injini, na pampu haitoi dizeli. Bali gari likiwa huru, injini lazima ipewe mafuta ya kujizungusha yenyewe. Kwa hiyo mwenye gia huru anatumia mafuta zaidi, na ameyatupa mashiko ya injini juu yake. Kazi yote huangukia breki. Breki zikipata moto mno hupungua nguvu, na maji ya breki yakichemka, pedali huzama mpaka sakafuni pasipo kushika kitu. Tena dizeli, kwa kuwa haina kilango cha hewa cha kuibana pumzi, hulizuia gari kwa kiasi kidogo kuliko watu wadhanivyo. Ndiyo sababu malori makubwa hufungiwa breki ya ekzosi. Basi dereva achague gia ya chini mapema, mteremko haujaanza: kwa kawaida ile ambayo angeitumia kupanda mahali pale pale. Breki zikanyagwe kwa vipindi, kwa uthabiti, kisha ziachwe zipoe, wala asizishikilie kidogo kidogo njia nzima. Na klachi asiikanyage katika mteremko ila kwa kubadili gia au gari linapokaribia kusimama, kwa maana klachi iliyokanyagwa ni gia huru kwa jina jingine.

Ziko gari za siku hizi zishikazo breki zenyewe kwa sekunde chache mlimani ili dereva aondoke salama. Ni msaada mzuri. Lakini anayejifunza ajifunze kama kwamba haupo, maana kesho atapewa Land Cruiser ya zamani ya jirani amchukue mgonjwa usiku kwenda hospitali, na gari hilo halina kitu cha namna hiyo.

Akifika Marangu Mtoni na kutaka kusimamisha gari, kama lina tabo na limepanda kwa nguvu, aache injini ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuizima, ili tabo ipoe huku oili ingali yapita. Avute handibreki, aache gia ya kwanza ikiwa pua yatazama juu, au rivasi ikiwa yatazama chini. Matairi ya mbele ayageuze kuelekea ukingo wa njia, ili gari likiponyoka liingie ukingoni na si katikati ya watu. Akiweka jiwe, naam, aweke. Na anapoondoka alichukue jiwe hilo alitupe mbali kando ya njia, kwa kuwa jiwe lililoachwa barabarani saa za jioni halionekani na mwenye pikipiki.